Chupa, kopo au tuta? Kuchagua njia ya kumfundisha mtoto mahitaji ya mmea kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu wa Makete na mwenzake wa Kyela wanaweza kuwa na mada ileile, maharage yaleyale na kipindi kilekile cha dakika 40. Wakipanda wote wiki ya pili ya Julai, wa Kyela atakuwa na mizizi ya kuonyesha siku ya tatu, na wa Makete siku ya kumi atakuwa na punje zinazonuka. Hakuna aliyezembea. Kyela iko chini kando ya Ziwa Nyasa, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Makete iko juu ya mita 2,000, na usiku wa Julai huko maharage hayawezi kuota hata yakibembelezwa. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, usiku wa Juni na Julai mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza njia ipi ni nzuri, jibu mambo mawili: unataka mtoto aone nini hasa, na uko mwezi gani.

Kuota si kukua

Mbegu ili iote inahitaji maji, hewa na joto. Mmea ili ukue unahitaji hivyo vitatu, na juu yake mwanga pamoja na madini ya udongo. Masomo mengi yanachanganya mawili haya. Mwalimu anaweka maharage kabatini ili kuonyesha kwamba "bila mwanga mmea hauishi", maharage yanaota vizuri kuliko ya dirishani, na darasa zima linabaki linamtazama.

Watoto wa huku walishaona jambo hili nyumbani. Ulezi wa kutengenezea kimea hulowekwa, hufunikwa kwenye gunia mahali penye giza na joto, na baada ya siku chache unatoa vimizizi. Anza hapo. Uliza nani ameona kimea, na kilikuwa kimewekwa juani au kimefunikwa. Jibu litatoka kwa watoto wenyewe kabla hujagusa chaki.

Ukishatenganisha kuota na kukua, uchaguzi unakuwa mwepesi. Chupa inafundisha kuota, kopo linafundisha kukua, na tuta linafundisha kilimo, ambacho ni somo jingine, lenye thamani yake na hasara yake.

Chupa: haraka, safi, lakini inaishia njiani

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ikate theluthi moja kutoka juu. Kunja gazeti au tishu mara tatu au nne na ulizungushe ndani likigusa ukuta wa chupa. Chomeka punje nne za maharage kati ya karatasi na ukuta, katikati ya urefu wa chupa, kila moja ikiwa imelala kivyake: moja kovu lake likitazama juu, nyingine chini, mbili ubavuni, moja kila upande. Mimina maji kimo cha sentimita mbili tu chini. Karatasi itayavuta hadi kwenye punje.

Kwenye nyuzi 20 hadi 25 mzizi unachomoza siku ya pili au ya tatu, na zote nne zinapeleka mzizi chini hata iliyopandwa kichwa chini miguu juu. Hakuna njia nyingine inayoonyesha hili bila kufukua.

Kosa kubwa ni maji. Mtoto akiona karatasi imekauka juu anajaza chupa, punje zinazama, zinakosa hewa, siku ya nne zinatoa harufu. Kosa la pili ni karatasi ya kung'aa ya jarida, ambayo haivuti maji. La tatu ni ukungu: osha punje kwanza, badili maji kila baada ya siku mbili, na itoe punje yoyote iliyolegea kabla haijaambukiza wenzake.

Chupa hiyohiyo inafaa kwa kuonyesha hewa. Funga punje tatu kwenye kijiti kwa uzi: moja juu kabisa, moja usawa wa maji, moja chini majini. Ya juu haioti kwa kukosa maji, ya kati inaota, ya chini inavimba na kuoza. Lakini jiandae: ya chini wakati mwingine hutoa kimzizi kifupi kabla ya kufa, kwa sababu maji ya bomba yana hewa kidogo iliyoyeyuka ndani yake. Ukitaka jibu safi, chemsha maji, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha mwaga tabaka jembamba la mafuta ya kula juu yake. Hapo punje moja iwe majini na nyingine kwenye karatasi yenye unyevu. Ya usawa wa maji haitafaa tena, kwa kuwa mafuta yataipaka.

Na kama unafundisha Kyela au Usangu, atasimama mtoto na kuuliza: mbona mpunga unaota majini? Ana haki. Mpunga una uwezo wa kuchomoza chipukizi hata hewa ikiwa haba sana, ingawa mzizi wake huchelewa mpaka hewa ipatikane. Ndiyo maana wakulima huloweka mbegu, kisha huitoa majini na kuifunika ili ianze vizuri. Maharage na mahindi hayana uwezo huo.

Chupa inaishia siku ya kumi au ya kumi na mbili. Ukiendelea nayo mtoto ataondoka na imani kwamba mmea unaishi kwa maji na karatasi.

Kopo la udongo: linalofanya kazi kubwa

Kama una nafasi ya njia moja tu, chagua hii. Inachukua wiki tatu hadi tano, na inadai nidhamu kuliko chupa, lakini ndiyo pekee inayokuwezesha kubadili kitu kimoja na kuacha vingine vyote vilevile.

Tumia makopo yanayolingana, ya nusu lita hadi lita moja. Toboa matundu manne au matano chini kwa msumari. Kopo lisilo na matundu ni chombo cha kuozeshea mizizi, na ndilo linaloua mimea mingi ya darasani kuliko ukame. Changanya udongo wote wa jaribio kwenye beseni moja kabla ya kugawa: sehemu tatu za udongo wa juu, sehemu moja ya mboji iliyoiva. Samadi mbichi inachoma mizizi. Panda punje tano kwa kina cha sentimita tatu, zikishaota punguza hadi mimea mitatu. Kwa kila hali unayojaribu weka makopo matatu, si moja. Mbegu hufa kwa sababu zake zenyewe, na kopo moja likifa mtoto atasema giza ndilo lililoua.

Kila jaribio liwe na kopo la kulinganishia: lina maji, lina mwanga, lina udongo mzuri, haliguswi. Bila hilo huna jaribio, una maua tu.

Maji yana mtego wake. Vitabu husema upe makopo yote kiasi kilekile, tuseme mililita 50 kila baada ya siku mbili. Inaonekana haki, lakini kopo lililo gizani halikauki kama la dirishani. Baada ya wiki la gizani linakuwa tope, mmea unaoza shingo kwa kinyausi (ugonjwa wa kuozesha miche), na wewe unaandika ubaoni "umekufa kwa kukosa mwanga". Afadhali ulinganishe unyevu wa udongo badala ya kipimo cha maji: mtoto achomeke kidole hadi kiungo cha kwanza, pakavu, anamwagia, pana unyevu, anaacha. Andika aliyemwagia na siku. Zamu iwe ya watoto wawili kwa wiki. Darasa zima likiruhusiwa kumwagilia, kila mpitaji atamwaga.

Mwanga nao una mtego, na huu ndio unaoharibu somo kuliko mingine. Baada ya siku kumi mmea wa gizani unakuwa mrefu kuliko wa dirishani. Watoto wanapima kwa rula, wanasema giza linakuza mmea, na kwa kipimo chao hawajakosea. Mmea ulioko gizani unatumia akiba ya mbegu kujinyoosha kutafuta mwanga. Kwa hiyo usipime urefu peke yake. Pima na unene wa shina, upana wa jani la kwanza, rangi, na uone kama unaweza kusimama bila kuegemea kitu. Siku ya ishirini hivi tofauti inajieleza: wa gizani ni mwembamba, wa manjano, umelala. Ukiutoa nje mapema, kabla haujachoka kabisa, unarudi kijani ndani ya siku mbili tatu, na hilo ni somo zuri kuliko kuuacha ufe.

Darasa la chini ambalo haliwezi kusubiri siku ishirini lipewe boksi la kadi lenye tundu moja ubavuni. Ingiza kopo lenye mche wa wiki moja, funika. Siku ya tatu mche umeinama kuelekea tundu. Geuza kopo, nao utageuka.

Kuhusu hewa ya ukaa ambayo majani huivuta, usiifanyie jaribio shule ya msingi. Majaribio yake yanahitaji kemikali na kuchemsha majani kwenye spiriti, na spiriti karibu na moto na watoto arobaini si jambo la kujaribu. Eleza kwa maneno.

Chakula cha mmea kinatoka wapi

Udongo ndio swali gumu kuliko yote, kwa kuwa mtoto wa mkulima anaamini, na wazazi wake wanasema, kwamba mmea unakula udongo. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa huko inakoitwa Ubelgiji leo, alipanda mti wa mwerebi wenye uzito wa pauni 5 kwenye udongo mkavu wa pauni 200. Baada ya miaka mitano mti ulikuwa na pauni 169, na udongo ulikuwa umepungua aunsi 2 tu, yaani gramu 60 hivi. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648. Alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Alikosea, kwa sababu hakuihesabu hewa, lakini upande wa udongo alikuwa sahihi: kinachotoka humo ni madini machache, kama chumvi kwenye mboga. Mwili wa mmea umetengenezwa kwa hewa na maji kwa nguvu ya jua.

Kwa vitendo, linganisha mchanga wa mto na udongo wenye mboji. Mchanga uoshwe mara tano au zaidi hadi maji yatoke meupe, vinginevyo tope lake lina rutuba na jaribio halitaonyesha kitu. Na hapa usitumie maharage. Mizizi yake ina vinundu vya bakteria wanaokamata naitrojeni hewani, na mbegu yenyewe imejaa chakula. Tumia mahindi, na uvumilie: mhindi unaishi kwa akiba ya punje kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo kabla ya wiki ya tatu makopo yote yatafanana. Baada ya hapo wa mchangani unaanza kuwa wa manjano kwenye majani ya chini, rangi ikianzia ncha na kushuka katikati ya jani. Majani yakiwa ya zambarau, usiseme haraka ni upungufu wa fosforasi; Juni na Julai baridi peke yake hufanya hivyo.

Mbegu ipi

Watu huchagua maharage kwa mazoea, na mara nyingi wako sahihi, kwani punje ni kubwa, inashikika, sehemu zake zinaonekana kwa macho. Mbeya haina shida ya maharage, hasa karibu na Uyole, ambako kituo cha utafiti kimetoa aina nyingi zinazojulikana na wakulima, Njano Uyole ikiwemo. Ila sifa ya maharage ndiyo kasoro yake: akiba kubwa inaufanya mmea uvumilie giza na njaa muda mrefu, na mtoto hana subira hiyo. Mbegu ndogo haina cha kuegemea.

| Mbegu | Baridi inayoizuia kuota | Inajibu vizuri | Kasoro |
|---|---|---|---|
| Maharage | chini ya nyuzi 12 hivi | sehemu za mbegu, maji, hewa, kuinamia mwanga | huoza kwenye baridi. Hayafai jaribio la mbolea |
| Mahindi | chini ya nyuzi 10 hivi | mbolea na udongo | hudai wiki nne |
| Ngano au njegere | huota hata kwenye nyuzi 5, polepole | kuota wakati wa Juni na Julai | ngano ni ndogo, sehemu zake hazionekani vizuri |
| Chainizi | huvumilia baridi | mwanga na rutuba, majibu mapema | mbegu ya dukani mara nyingi ina dawa |
| Ulezi, mchicha | hupenda joto | mwanga, kuota gizani | miche dhaifu, hung'oka ikimwagiwa kwa nguvu |

Mbegu yoyote yenye rangi ya waridi, kijani au buluu imepakwa dawa. Asiishike mtoto, isipelekwe nyumbani, isitupwe wanapopita kuku. Maharage ya sokoni nayo yanaweza kuwa na vumbi la dawa ya ghalani, kwa hiyo yaoshwe. Na watoto waambiwe wazi kwamba maharage yasiyopikwa hayaliwi: yana sumu ya asili inayoisha kwa kuchemshwa vizuri, na punje chache zinatosha kumtapisha mtu.

Wiki moja kabla ya somo, zungusha punje kumi kwenye karatasi yenye unyevu. Zikiota nane, endelea. Zikiota tano, tafuta nyingine. Usianze jaribio la watoto na mbegu iliyokwisha kufa.

Baridi: adui au kifaa

Shule nyingi hazina jokofu, na joto ndilo hitaji linaloshindikana kufundishwa Dar es Salaam. Huku Juni na Julai unapewa bure. Weka makopo matatu ya maharage kwenye varanda yenye kivuli, na matatu kwenye rafu ya jiko la kupikia uji, mahali ambapo mkono unasikia vuguvugu tu. Ukihisi moto, mbegu inapikwa. Yote sita yafunikwe kwa kisahani hadi yaote, kwa sababu la jikoni hukauka upesi na utajikuta umebadili joto na maji kwa pamoja. (Zamani watu walifunika kwa mfuko wa plastiki, tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, na kisahani kinatosha.) Jikoni yanaota ndani ya wiki. Varandani subiri wiki mbili, kisha fukua mbele ya darasa: nyingine zimevimba, nyingine zimeoza. Panda na ngano kwenye makopo mengine matatu hapohapo varandani. Ikiota palepale maharage yaliposhindwa, watoto watakuwa wamejua kwa nini Makete kunalimwa ngano.

Dirisha nalo lina msimu. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo makopo yakae madirisha ya kaskazini. Ya kusini wakati huo hayapati jua la moja kwa moja, na miche itarefuka kama ya gizani huku ukidhani iko mwangani. Miche ikionekana imeegemea kioo, geuza makopo nusu mzunguko kila siku.

Tuta: lini linafaa

Tuta la mita moja kwa mbili linampa mtoto kitu ambacho kopo haliwezi: maua, matumba, mbegu mpya, na wadudu. Sota hukata miche usiku usawa wa ardhi, inzi wa maharage hutoboa shina, kuku wa jirani humaliza kilichobaki. Yote hayo ni elimu, lakini mmea ukifa hujui umekufa kwa nini. Mvua inanyesha unapotaka kuonyesha ukame. Kwa hiyo tuta lisitumike kuthibitisha hitaji lolote. Litumike baada ya kopo.

Kalenda nayo ni tatizo. Mvua zinaanza Novemba, na shule hufungwa Desemba mahindi yakiwa magotini. Ukirudi Januari ni magugu matupu. Wakati mzuri wa kupanda ni mwisho wa Februari hadi mwanzo wa Machi, wakati wakulima wenyewe wanapanda maharage ya pili. Nafasi sentimita 50 kati ya mistari, 20 kati ya mashimo, punje mbili kila shimo. Kwenye mwinuko wa Mbeya maharage mafupi huchukua siku 85 hadi 100, kwa hiyo yakipandwa mapema yanavunwa kabla ya likizo ya Juni. Tukuyu, ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, inua tuta sentimita 20 na uchimbe mfereji pembeni, la sivyo mizizi itakosa hewa kama ile punje ya chini kwenye kijiti.

Uchague nini

Wiki moja tu na darasa la pili: chupa, maharage, na kama ni Juni au Julai zihamishie karibu na jiko. Mwezi mmoja na darasa la tatu au la nne: makopo tisa, yaani matatu ya kulinganishia, matatu gizani, matatu bila maji baada ya kuota, maharage kuanzia Septemba hadi Aprili, chainizi isiyo na dawa au ngano miezi ya baridi. Darasa la tano na kuendelea wanaouliza habari za mbolea: mahindi kwenye mchanga uliooshwa na kwenye mboji, na yapandwe mwanzoni mwa muhula, maana jibu halitoki kabla ya siku ya ishirini na mbili. Mbarali na Kyela, sahau habari ya jiko. Tatizo lenu ni Oktoba, kopo la plastiki jeusi likiachwa juani mchana kutwa mizizi inachemka. Lipake chokaa, au livishe gazeti jeupe.